Kampasi Moja, Kalenda Mbili: Kwa Nini Mwanafunzi na Mtumishi wa Chuo Hawaoni Kitu Kimoja

Desemba 2017, miezi minane tu baada ya Rais John Magufuli kuzindua hosteli mpya za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, picha za kuta zilizoachana zilianza kuzunguka mitandaoni. Hosteli hizo ni majengo 20 yenye uwezo wa kulaza wanafunzi 3,840, nazo zilijengwa kwa takriban shilingi bilioni 10, kiasi kilichosifiwa wakati ule kuwa ushahidi kwamba serikali inaweza kujenga kwa bei nafuu. Wanafunzi walisema ni nyufa. Wakala wa Majengo Tanzania, waliojenga, walisema ni nafasi zilizoachwa makusudi kati ya sehemu za jengo ili liweze kutanuka na kutulia. Mwanafunzi aliyesambaza picha aliishia kuhojiwa na polisi.

Uhandisi tuwaachie wahandisi. La kuchambua hapa ni jinsi ukuta mmoja ulivyosomwa. Kwa anayelala ubavuni mwake, ukuta huo ni usingizi wa usiku wa leo. Kwa mkuu wa taasisi, ni zawadi ya Rais, ni mradi uliokwisha kukabidhiwa kwa shangwe, ni jina la chuo magazetini. Waswahili walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na katika kisa hiki msemo huo ulikuwa na maana yake ya moja kwa moja.

Maelezo yanayotolewa kila mara pande hizi zinapogongana ni mepesi mno: vijana wana papara, watumishi wana urasimu. Maelezo hayo hayafafanui kwa nini mtu yuleyule, akitoka kwenye benchi la mwanafunzi na kuajiriwa mhadhiri msaidizi, ndani ya miaka miwili huanza kuzungumza lugha ya ofisi. Tabia yake haijabadilika. Kilichobadilika ni mahali anaposimama: muda alionao, fedha anayoitegemea, na nani anashika kalamu ya alama. Mambo hayo matatu ndiyo yanayogawa macho ya kampasi, na madhara huanza pale macho ya upande mmoja tu yanapopewa hadhi ya kumbukumbu rasmi.

Mihula sita na miaka thelathini

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hukaa chuoni miaka mitatu, minne akisoma uhandisi, mitano akisomea udaktari. Mhadhiri anayeanza kazi akiwa kijana anaweza kukaa palepale miaka thelathini na zaidi. Maji yakikatika hosteli kwa muhula mzima, mwanafunzi wa miaka mitatu amepoteza sehemu moja ya sita ya maisha yake yote ya chuo. Kwa ofisa wa milki, tatizo hilohilo ni kifungu kimoja katika bajeti ya mwaka ujao, nyuma ya paa linalovuja na transfoma iliyoungua. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anapima kwa kalenda yake.

Tofauti hii ya muda huzaa tofauti ya kumbukumbu. Serikali za wanafunzi huchaguliwa kila mwaka. Viongozi wapya hutumia miezi ya mwanzo kujifunza ofisi ziko wapi na nani husaini nini, na miezi ya mwisho huliwa na mitihani na kampeni za watakaowarithi. Utawala una mafaili, una mwanasheria, una watu waliokaa kwenye vikao vya hoja hiyohiyo mara nyingi. Jibu la “suala linashughulikiwa” hufanya kazi vizuri kwa sababu hii: kalenda iko upande wa anayejibu. Mlalamikaji atahitimu, na lalamiko litaondoka naye.

Lakini kumbukumbu ndefu nayo ina uzito wake, na haki hutaka tuutaje. Mtumishi aliyekuwepo mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungwa kwa miezi kadhaa baada ya mgomo wa wanafunzi, anapoona umati unakusanyika anawaona watu waliopoteza mwaka na wengine waliofukuzwa. Mwanafunzi anaona mkutano tu. Tahadhari ya mtumishi, ambayo kijana huiita woga, mara nyingine ni uzoefu uliolipiwa kwa gharama kubwa.

Wakati mpaka ulipopita kwingine

Historia ya Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inaonyesha kwamba mstari kati ya mwanafunzi na mtumishi haukuchorwa na maumbile. Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa darasa dogo la wanafunzi wa sheria, kikahamia kilimani mwaka 1964. Mgongano mkubwa wa kwanza haukuwa baina ya wanafunzi na waalimu wao. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwemo makato ya mishahara wakati wa utumishi huo. Waliona wanabebeshwa mzigo ambao wakubwa wenye mishahara minono hawaubebi. Mwalimu Nyerere aliona watoto waliosomeshwa kwa jasho la wakulima wakigoma kulipa fadhila. Aliwafukuza karibu 400, kisha akakata mishahara ya viongozi kwa asilimia 20, na wa kwake ukiwemo. Uamuzi wa pili ulikuwa ni kukiri, kimyakimya, kwamba waliofukuzwa walikuwa na hoja.

Miaka michache baadaye mpaka karibu ulifutika. Wanafunzi wa USARF, chama cha wanafunzi wenye msimamo wa kimapinduzi kilichowahi kuongozwa na Yoweri Museveni, walikaa kwenye mijadala na mhadhiri wa historia Walter Rodney kama wandani wa fikra moja. Jarida lao la Cheche lilipopigwa marufuku mwaka 1970, waliotunishiana misuli walikuwa wasomi, vijana kwa wakubwa, dhidi ya dola.

Mpaka ulihamia ndani ya chuo mwaka 1971. Rais wa jumuiya ya wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, alifukuzwa baada ya kuushutumu waziwazi uongozi wa chuo, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya Makamu Mkuu wa kwanza, Pius Msekwa. Swali la wanafunzi lilikuwa rahisi: nani anaamua? Tangu hapo swali hilo halijaondoka. Mwaka 1990 wanataaluma wa Tanzania walipotoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, walitetea haki ya mwanachuo kusema bila kuogopa. Mwaka huohuo ndio chuo kilipofungwa. Yaani waraka mzuri kuliko zote kuhusu uhuru wa kampasi na moja ya adhabu kali kuliko zote kwa wanafunzi vimebeba tarehe za mwaka mmoja.

Bumu na mshahara

Profesa aliyesoma miaka ya 1970 alisomeshwa na serikali. Alikula kantini ya chuo, alipewa kitanda, na kazi ilimsubiri. Uchangiaji wa gharama ulipoingia miaka ya 1990, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, kampasi ikawa mahali pengine kabisa, ingawa majengo ni yaleyale. Mwanafunzi wa leo anaishi kwa bumu, yaani fedha za mkopo wa Bodi hiyo. Posho ya chakula na malazi, iliyopandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, ndiyo inayopaswa kulipa milo mitatu na sehemu ya kulala, na mara nyingi nauli na vocha pia. Tena ni deni. Akipata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi limalizike. Nafuu kubwa iliyopatikana ni kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani mwaka 2021.

Kwa hiyo mhadhiri anapowaambia vijana wajifunze kubana matumizi kama walivyofanya wao, anatoa ushauri wa nchi isiyokuwepo tena. Na bumu likichelewa wiki mbili, ofisa mikopo huona orodha ambayo majina hayajasainiwa, ilhali mwanafunzi huona wiki mbili za kupika uji kwenye jiko la umeme lililokatazwa hosteli. Wanafunzi wenyewe nao si kundi moja. Katika chumba kimoja atakuwepo aliyepata mkopo kamili, aliyepata nusu na aliyekosa kabisa, na watatu hao huiona kampasi kwa njia tatu.

Watumishi nao wana fedha zao zinazowauma, na zinapochelewa anayelipa ni mwanafunzi. Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu Chuo Kikuu cha Dodoma waliamriwa kuondoka baada ya masomo kusimama kutokana na mgogoro wa malipo ya wahadhiri wao. Suala likafika bungeni. Novemba mwaka huohuo Rais Museveni wa Uganda alikifunga Chuo Kikuu cha Makerere, wahadhiri wakiwa wamegoma kudai malimbikizo ya posho zao na wanafunzi wakiwa wameingia barabarani. Katika visa vyote viwili mhadhiri alikuwa mwajiriwa anayedai haki yake. Lakini mwajiriwa akigoma, deni lake hubaki pale linamsubiri. Muhula wa mwanafunzi haurudi.

Kitanda cha watu wawili

Hakuna mahali ambapo macho mawili yanapishana kama kwenye malazi. Kubebana, yaani mwenye kitanda kumpokea mwenzake aliyekosa nafasi wakalala pamoja muhula mzima, ni kosa kwa mujibu wa kanuni za hosteli. Msimamizi ana sababu: vyoo vinazidiwa, mali zinapotea, moto ukitokea hajui walikuwemo watu wangapi. Kwa wanafunzi, kumfungia mlango mwenzako wa kijijini aliyekosa chumba ndilo kosa. Kanuni ya chuo inagongana na kanuni ya malezi, na ya malezi ina umri mrefu zaidi.

Anayeishi mtaani ana kampasi yake ya tatu. Mhadhiri akihamishia kipindi Jumamosi kwa sababu ana kikao Jumatano, kwake ni mabadiliko ya saa. Kwa anayetoka Mbagala ni nauli ya kwenda na kurudi ambayo haikuwemo kwenye hesabu ya wiki. Kwa binti aliyepanga Msewe au Changanyikeni, kipindi kinachoisha saa mbili usiku ni swali la njia gani ina taa. Ratiba hupangwa na watu wenye magari, na si lazima wawe na ubaya wowote ili wasilione hilo.

Vimbweta, zile meza na mabenchi ya zege chini ya miti, vinaeleza upande wa furaha. Mtumishi anayepita huona kelele na soga. Pale ndipo masomo mengi hueleweka kweli, kwa sababu mwanafunzi wa mwaka wa tatu humfafanulia wa mwaka wa kwanza kwa Kiswahili kile ambacho asubuhi kilisemwa kwa Kiingereza.

Darasa, desa na alama

Masomo ya lazima kwa wote, kama lile la taaluma za maendeleo ambalo kila aliyepita Mlimani analikumbuka kwa kifupi cha DS, hukusanya mamia ya wanafunzi ukumbini. Mhadhiri akisimama mbele anaona wanaochelewa, wanaochezea simu, na wanaotegemea desa, yaani maandishi yaliyonakiliwa kutoka kundi lililopita. Hitimisho lake ni kwamba kizazi hiki hakisomi. Aliyeketi safu ya nyuma, ambaye kipaza sauti hakimfikii, anaona desa kuwa chombo cha busara: kama mtihani unarudia maswali ya mwaka juzi, kwa nini asisome mwaka juzi?

Nyuma ya pazia, mhadhiri huyo ana mamia ya karatasi za kusahihisha kwa wiki chache, wanafunzi wa uzamili wa kusimamia, na kupandishwa cheo kunakotegemea machapisho kuliko ubora wa ufundishaji. Mwanafunzi haoni hayo. Anachoona ni kwamba alama za kazi za muhula, 40 kati ya 100, zimebandikwa siku mbili kabla ya mtihani wa mwisho, na kwamba kati ya sapu, yaani mtihani wa marudio, na kudisko, yaani kuondolewa masomoni, kuna alama chache zilizomo mikononi mwa mtu mmoja.

Hapo tunafika mahali ambapo tofauti ya mtazamo haiwezi kuchukuliwa kama maoni mawili yenye haki sawa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa jinai. Novemba 2018, maktaba mpya ya Mlimani iliyojengwa kwa msaada wa China ilipokuwa ikizinduliwa, mhadhiri mmoja wa kike alitumia mtandao wa kijamii kumwambia Rais kwamba rushwa ya ngono imekita mizizi chuoni. Mwaka 2020 Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) ikatoa utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Dodoma, nao ukathibitisha kuwa tatizo lipo.

Kabla ya hapo jibu la kawaida la tawala za vyuo lilikuwa kwamba hakuna aliyeleta malalamiko. Wanafunzi walijibu kwa swali: nani angethubutu, wakati anayelalamikiwa ndiye anayesahihisha? Ofisini, faili tupu lilisomeka kama amani. Hosteli, faili hilohilo lilisomeka kama hofu. Inafaa kukumbuka pia kwamba aliyevunja ukimya alikuwa mtumishi. Pande hizi si ukoo na ukoo. Anayeamua kuona, huona.

Wanafunzi nao hawajatoka safi. Kwa miaka mingi Mlimani kulikuwa na Mzee Punch, michoro na maandishi ya kejeli yaliyobandikwa usiku na wanafunzi waliojificha majina, yakiwadhalilisha hasa wanawake. Waliokuwa wakicheka waliuita utamaduni wa chuo, na mambo yakavumiliwa hadi mwanafunzi mmoja wa kike aliyeandamwa alipojiua mwaka 1990. Waliobandika na waliobandikwa walikuwa wote wanafunzi, wa kampasi moja. Kusema “wanafunzi wanaona hivi” bila kuuliza ni wanafunzi gani ni kurudia kosa la utawala kwa jina jingine.

Watumishi wasiohesabiwa

Tukisema watumishi, aghalabu tunawaza profesa na Makamu Mkuu wa Chuo. Mwanafunzi wa kawaida humwona Makamu Mkuu mara mbili, siku ya kukaribishwa na siku ya mahafali. Anayemwona kila siku ni mlinzi wa lango, mfanya usafi wa bweni, karani wa usajili, mama anayeuza chakula karibu na kumbi. Hao wanajua nani hajala, nani hajatoka chumbani siku tatu, chumba gani kina watu sita. Msongo wa mawazo wa mwanafunzi humfikia mfanya usafi wiki kadhaa kabla haujafika ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Lakini hawaitwi kwenye kikao chochote, na wengi siku hizi wameajiriwa na kampuni za nje ya chuo, hivyo hata kwa watumishi wenzao si watumishi. Chuo kinachotaka kujua hali ya wanafunzi wake kingeanza na watu hao.

Na si watumishi hao tu wanaoachwa nje ya vikao: wenzetu Wakenya wametuonyesha jinsi sheria inavyoweza kupanua ufa kwa upande wa wanafunzi pia. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yaliondoa mtindo wa kila mwanafunzi kumpigia kura moja kwa moja rais wa wanafunzi, badala yake wakachaguliwa wajumbe ambao ndio huchagua viongozi. Kwa tawala, huo ulikuwa mwisho wa kampeni za vurugu na fedha za wanasiasa. Kwa wanafunzi wengi, sauti ilipitishwa kwenye chujio ambalo ni rahisi kwa utawala kulishika. Utulivu uliweza kupatikana bila imani kuongezeka, na vitu hivyo viwili havifanani.

Kifanyike nini

Hakuna haja ya kuwataka wanafunzi na watumishi waone sawasawa. Anayekaa mihula sita atakuwa na haraka daima, na ni vizuri chuo kiwe na watu wenye haraka. Anayekaa miaka thelathini atakuwa na tahadhari, na ni vizuri awepo. Kinachohitajika ni macho yote mawili kuingia kwenye kumbukumbu, na hilo linawezekana bila kujenga jengo hata moja.

Kwanza, kila lalamiko lipewe namba na tarehe ya kujibiwa iliyo ndani ya muhula huohuo. Lisilojibiwa liende kwenye Baraza la Chuo likiwa na jina la ofisi iliyokaa nalo. Pili, tathmini za wahadhiri ambazo wanafunzi hujaza mwishoni mwa muhula zirudishwe kwao kwa muhtasari, pamoja na maelezo ya kilichobadilishwa. Anayejaza fomu asiyoiona tena hujifunza kujaza kwa kufumba macho. Tatu, malalamiko dhidi ya msahihishaji yapokelewe na chombo kilicho nje ya idara yake, na karatasi ya mlalamikaji isahihishwe na mtu mwingine mpaka shauri liishe. Nne, serikali za wanafunzi ziache mafaili ya makabidhiano, zijue kilichoombwa mwaka jana na jibu lililotolewa. Bila hilo zitaendelea kuanza upya kila mwaka na kuilaumu kalenda.

Wanafunzi nao wana wajibu: kutofautisha ushahidi na uvumi, na kukubali kwamba mhadhiri anayedai malimbikizo yake si adui wa masomo yao. Lakini mzigo mkubwa uko kwa mwenye mamlaka. Chuo kinachoacha polisi wamhoji mwanafunzi aliyesambaza picha za ukuta kimemfukuza mkaguzi ambaye hakikumlipa hata senti.